Lori la Zamani na Mito ya Hewa: Mteremko wa Rubavu Haudanganyiki

Asubuhi na mapema, kabla ukungu haujaondoka juu ya Ziwa Kivu, malori huanza kuteremka kuingia Gisenyi, mji mkuu wa Wilaya ya Rubavu. Hutoka Nyabihu, Musanze na hata Kigali, umbali wa kilomita zipatazo 155, yakiwa yamebeba viazi, karoti, vitunguu na kreti za chupa zinazongojewa mjini hapo na ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Goma. Katikati ya magari ya kisasa huonekana moja moja lori la zamani lenye pua, ambalo limetunzwa na jamaa moja kwa miaka mingi, baba akimwachia mwana usukani.

Lori kama hilo kwa wenyewe ni shamba la pili. Ndilo linalolipa karo za watoto, ndilo linalonunua mabati ya nyumba, na ndilo linaloitwa jirani anapofiwa. Kasoro yake kubwa ni mgongo mgumu. Likiwa tupu, sehemu ya nyuma hurukaruka kwenye kila shimo. Likibeba nyanya au mayai, mama anayepokea mzigo sokoni hutenga kando fungu zima la vilivyopondeka. Mwenye lori huyatazama matrekta ya kuvuta matrela yakipita kwa utulivu juu ya mito ya hewa, naye hujiuliza: je, langu haliwezi kutiwa mito kama ile?

Ndugu msomaji, jibu ni kwamba linaweza. Kazi hiyo inafahamika, na fundi mwenye subira huimudu. Lakini hapana budi jambo moja lieleweke kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa: mto wa hewa hupunguza mshtuko, hauongezi nguvu ya ekseli, wala ya fremu, wala ya breki. Anayelisahau hilo hulipa gharama yake mteremkoni.

SPRINGI YA CHUMA NA MTO WA HEWA

Malori mengi ya zamani hukalia springi, au kamani, za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa kwa yubolti kwenye ekseli. Springi hizo zilipimwa ili zibebe lori lililojaa. Ndiyo maana lori likiwa tupu springi hazipindi, na kila jiwe la barabarani hupanda moja kwa moja hadi kwenye bodi. Hata hivyo springi ya mabapa hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Hubeba uzito, huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni, na kwa sababu mabapa yake husuguana, hutuliza mrukoruko kwa kiasi fulani.

Mto wa hewa ni mfuko wa mpira uliotiwa nyuzi ndani yake, kama tairi, na kufungwa juu na chini kwa sahani za chuma. Uko wa namna mbili: ule wa mikunjo, unaofanana na matairi madogo yaliyopandishana, na ule unaojiviringisha juu ya pistoni. Sifa yake ni kwamba ugumu wake hubadilika kufuatana na mzigo. Mzigo ukiwa mdogo, hewa hupunguzwa na mto huwa laini. Mzigo ukiongezeka, hewa huongezwa na lori hubaki katika kimo kile kile. Lakini katika zile kazi tatu za springi ya chuma, mto hufanya ya kwanza tu. Hauwezi kuishika ekseli, wala hauna msuguano wa kutuliza mrukoruko. Mafundi wengi hujikwaa hapo.

Fikra yenyewe si ngeni. Kampuni ya Firestone ya Marekani iliishughulikia katika miaka ya 1930. Mnamo mwaka 1954 mabasi ya Scenicruiser, yaliyotengenezwa na General Motors kwa ajili ya kampuni ya Greyhound, yalianza kuwasafirisha abiria wa nchi hiyo juu ya mito ya hewa. Huko Ulaya, sheria za miaka ya 1990 ziliyapa nafasi ya pekee magari yenye mito ya hewa, kwa sababu huiumiza barabara kidogo zaidi. Ili springi ya namna nyingine ihesabiwe kuwa sawa na ya hewa, sheria hizo zilitaka gari lisipande na kushuka zaidi ya mara 2 kwa sekunde, na mrukoruko utulizwe upesi.

Kwa Rubavu jambo hilo lina maana. Ardhi yake ni ya mawe ya volkano, na mwezi Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara za mji. Barabara njema ni mali ya wote, na lori linalorukaruka huitwanga kama mchi.

KWANZA MIZANI, BAADAYE KULEHEMU

Mwenye lori aanzie kwenye mizani. Yafaa apime ekseli ya nyuma peke yake, lori likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo ulioruhusiwa na mtengenezaji. Tarakimu hizo mbili ndizo msingi wa kazi yote.

Ichukuliwe mfano wa Mercedes-Benz 911 lenye pua. Tarakimu ya kwanza katika jina lake huonyesha uzito jumla wa tani zipatazo 9, na mbili za mwisho huonyesha nguvu za farasi zipatazo 110. Tuseme ekseli ya nyuma imepimwa kilo 2,200 lori likiwa tupu na kilo 6,200 likiwa limejaa. Ekseli yenyewe pamoja na magurudumu, tuseme kilo 600, hukaa chini ya mito wala haibebwi nayo. Basi mito miwili itabeba kilo 1,600 lori likiwa tupu, yaani 800 kila upande, na kilo 5,600 likijaa, yaani 2,800 kila upande.

Nguvu ya mto hupatikana kwa kuzidisha shinikizo la hewa kwa eneo ambalo hewa hiyo hulisukuma. Mto wenye eneo la sentimeta za mraba 400 utahitaji shinikizo la kilo 2 kwa kila sentimeta ya mraba kubeba kilo 800, na kilo 7 kubeba zile 2,800. Mito mingi ya kawaida haipaswi kuzidishwa hapo kwenye 7. Kwa hiyo mto huo utakuwa umefika mwisho wake bila akiba yoyote, na shimo moja tu litaulemea. Fundi mwenye busara huchagua mkubwa zaidi. Wenye eneo la sentimeta za mraba 560 utabeba mzigo ule ule kwa shinikizo la kilo 5 tu. Hesabu hii ni ya mto uliokaa juu ya ekseli penyewe. Ukiwekwa mbele au nyuma ya ekseli, hapana budi hesabu ibadilike.

Kisha vipimo vya nafasi vichukuliwe. Mto ukijaa hutanuka, kwa hiyo usiguse tairi, fremu, bomba la moshi wala ncha ya bolti. Sahani ya juu na ya chini zitazamane sawasawa, maana mto uliopindishwa hufa mapema. Kimo cha kawaida kichaguliwe katikati ya mwendo wa mto, ili ubaki na nafasi ya kupanda na kushuka. Lori lililoinuliwa kwa madaha hadi mto umenyooka wote halina springi tena, na shafti inayozungusha difu hukaa kwa pembe mbaya na kula viungo vyake.

MIKONO INAYOSHIKA EKSELI

Springi za chuma zikiondolewa kabisa, kitu kingine lazima kiishike ekseli. Njia inayotumika sana ni mikono minne ya chuma: miwili ya chini inayotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli, na miwili ya juu inayoizuia ekseli isijisokote lori linapoondoka au kufunga breki. Mikono ya juu ikiwekwa mshazari kwa umbo la V, huizuia ekseli pia isiende pembeni. Ikiwekwa sambamba, ufito mmoja wa kukingama huongezwa kwa kazi hiyo. Kila mwisho wa mkono huwa na bushi ya mpira.

Chuma cha mikono hii si cha kuokotwa kwenye lundo la mabomba ya maji. Wakati wa kufunga breki ndiyo inayopokea nguvu yote ya magurudumu ya nyuma. Mkono ukikatika, ekseli hugeuka upande, na lori huenda linakotaka lenyewe. Mabano yafungwe kwa bolti kwenye ubavu wa fremu. Kulehemu kwa kukata kingo za juu na za chini za fremu huidhoofisha pale pale inapobeba uzito mkubwa. Mahali ambapo kulehemu hakuepukiki, kufanywe na mwenye ujuzi, betri ikiwa imefunguliwa, na mito na mabomba ya hewa yakiwa mbali na cheche.

Vifyonza mshtuko, ambavyo mafundi huviita shokapu, si pambo. Springi ya mabapa ilikuwa ikijituliza kwa msuguano wake. Mto hauna msuguano huo. Lori lenye mito na shokapu zilizokufa hupanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, na katika kona hulala upande. Viwekwe pia vipande vya mpira mgumu vya kupokea fremu mto ukipasuka, ili chuma kisigonge chuma na dereva aweze kufika kando ya barabara salama.

HEWA YA BREKI NI AMANA

Sehemu hii yapaswa kusomwa mara mbili. Malori mengi ya zamani ya ukubwa huo tayari yana kompresa na mtungi wa hewa kwa ajili ya breki. Kishawishi ni kikubwa: kutoboa mtungi huo, kuunganisha bomba, na kuijaza mito. Kazi huisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini siku mto au bomba lake litakapopasuka, hewa yote hutoka, na hewa ya breki huifuata.

Mito iwe na mtungi wake. Kati ya mtungi wa breki na ule wa mito iwekwe vali ya kinga, ambayo hupitisha hewa kwenda kwenye mito pale tu breki zinapokuwa zimekwisha kutosheka, nayo hujifunga shinikizo likishuka. Vali hizo aghalabu hufunga kati ya kilo 4.5 na 6 kwa sentimeta ya mraba, kufuatana na aina ya lori. Breki hula kwanza. Mito hula makombo.

Upande wa kushoto na wa kulia visiunganishwe kwa bomba moja pana. Katika kona, mto uliolemewa utasukuma hewa yake kwenda kwa mwenzake, na lori litazidi kulala. Kila upande uwe na njia yake. Vali ya kupimia kimo, yenye mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli, huweza kuongeza na kupunguza hewa yenyewe bila dereva kushuka. Mipira ya breki irefushwe ifae mwendo mpya wa ekseli. Kama lori lina vali inayogawa nguvu za breki kwa kutazama kimo cha nyuma, irekebishwe, maana sasa kimo hakibadiliki tena na vali hiyo itadhani lori ni tupu siku zote.

Maji ya mtungi yamwagwe kila siku, kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Mikunjo ya mito ioshwe kwa maji safi, maana mchanga wa volkano ni mkali na hula mpira kama msasa. Kuhusu kuvuja, dawa yake iko jikoni: povu la sabuni lipakwe kwenye kila kiungo, na panapotoka mapovu ndipo penye ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tahadhari nyingine ni kwa fundi mwenyewe. Asiingie kamwe chini ya lori lililoinuliwa kwa hewa peke yake. Fremu ikae juu ya vigingi vya chuma. Asijaze mto ambao haujafungwa juu na chini, kwani unaweza kuruka kama risasi. Wala asifungue bolti ya mto kabla hajatoa hewa yote.

NJIA YA KATI

Si kila mwenye lori anayehitaji kuondoa springi zake. Kwa jamaa yenye fedha kidogo na lori moja, iko njia ya kati: springi za mabapa hubaki na kuendelea kuishika ekseli, baadhi ya mabapa hupunguzwa na fundi anayejua hesabu, na mto wa hewa huwekwa juu ya ekseli kila upande kusaidia kubeba. Likiwa tupu, lori hukalia mabapa machache na kuwa laini. Likijaa, mito hupigwa hewa. Mto ukipasuka njiani, lori hushuka lakini ekseli haitoki mahali pake. Hakuna mikono ya kutengeneza na fremu haiguswi sana. Jambo la kukumbuka ni kwamba mito hiyo isiachwe bila hewa kabisa, maana hubanwa na kukatika. Ibakiziwe hewa kidogo hata siku ya kurudi tupu.

Mikono minne na mito peke yake yafaa zaidi kwa lori linalobeba vitu vinavyovunjika kila siku, na ambalo mwenyewe ana fundi wa kuaminika karibu. Kwa vyovyote vile, yafaa kuuliza kwanza kabla ya kukata chuma. Polisi ya Taifa ya Rwanda ina vituo vya ukaguzi wa magari, kikiwamo cha Remera mjini Kigali na kile cha Musanze, na lori lililobadilishwa litasimama mbele ya mkaguzi siku moja.

MZIGO UNAOJIFICHA

Hatari kubwa kuliko zote haimo katika chuma wala mpira. Springi ya mabapa ina ulimi: ikizidiwa, hupinda, na kila mpita njia huona lori limekaa chini kama kuku anayeatamia. Mto wa hewa hunyamaza. Mzigo ukizidi, hewa huongezwa kidogo, na lori husimama wima tena.

Hapo ndipo mpakiaji husema, "Mzee, gari bado liko juu, tutie magunia kumi mengine." Naye mzee, aliyekwisha kuona kwa macho yake kwamba lori liko juu, hukubali. Lakini ekseli ni ile ile iliyotoka kiwandani. Matairi ni yale yale. Breki ni zile zile. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari yaruhusu hadi tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, lakini hiyo si ruhusa kwa kila lori. Lori dogo la zamani lina kikomo chake kilichoandikwa na mtengenezaji, nacho kiko chini sana ya hapo.

Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara haukui sambamba na uzito. Ekseli ikibeba mara mbili, madhara hukua kwa takriban mara 16. Nako mteremkoni hesabu ni kali vilevile. Kutoka nyanda za Nyabihu, zilizo zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara huteremka hadi kwenye ziwa lililo kwenye meta 1,460 hivi. Kila kilo inayoshuka huko lazima izuiwe na injini na breki, na breki zikichemka hupoteza nguvu. Wakazi wa Rubavu wamekwisha kuona, zaidi ya mara moja, malori yaliyokosa breki kwenye mteremko wa kuingilia mjini. Hawahitaji kufundishwa maana yake.

GEJI NI MIZANI NDOGO

Hata hivyo mto unaonyamaza unaweza kufundishwa kusema, na gharama yake ni ndogo. Geji ya hewa ifungwe mbele ya dereva, moja kwa kila upande. Siku lori linapopelekwa mizanini, dereva aandike geji inasomaje likiwa tupu, na inasomaje likiwa na mzigo kamili ulioruhusiwa. Kisha alama nyekundu ipakwe kwenye kioo cha geji mahali hapo pa mwisho. Katika mfano wetu wa mto mkubwa, alama ingewekwa kwenye kilo 5. Tangu siku hiyo, dereva anayepakia viazi shambani ana mizani yake mwenyewe ndani ya gari. Lori liwekwe mahali tambarare, na kimo kiwe kile cha kila siku, ndipo geji itasema kweli.

Mpakiaji atakaposema gari bado liko juu, dereva hatatazama bodi. Atatazama ule mstari mwekundu, naye atajibu, "Liko juu, lakini limeshiba." Gunia litakalobaki shambani litafuata kesho. Viazi vitafika bila kupondeka, fundi atasifiwa kwa kazi yake, na lori la zamani litaingia mjini kwa gia ndogo, polepole, breki zake zikiwa baridi. Watoto wanaolingojea barazani hawajui kitu juu ya mito ya hewa. Wao huujua mlio wa injini ile tu, na mlio huo ukisikika kila jioni, kazi imefanywa vema.